Nyumba Iliyoshitakiwa

Bi Ruqayyah alikutwa Alhamisi jioni chini ya ngazi za besimenti ya nyumba yake, mtaa wa Parkdale, kanga begani na ndara moja mguuni. Ndara ya pili ilibaki juu kabisa, kwenye ngazi ya kwanza. Aliyemkuta ni binti yake wa pekee, Sabiha, aliyetoka chuoni akaingia jikoni, akaita, akaita tena, kisha akamulika gizani kwa tochi ya simu.

Sajini Chelagat Rono wa kitengo cha mauaji alifika theluji ikianza upya. Mlangoni alisimama kwanza asome karatasi ya mahakama iliyobandikwa kwenye kioo. Alishaziona nyingi, na bado alizisoma kila mara. Upande mmoja wa kesi iliandikwa serikali ya mkoa. Upande wa pili haukuandikwa jina la mtu yeyote. Iliandikwa namba ya nyumba na jina la mtaa. Mshitakiwa alikuwa nyumba.

Habari yake ilikuwa fupi. Mwaka uliopita mpangaji mmoja wa besimenti alikamatwa na dawa za kulevya, akafungwa, kesi yake ikaisha. Bi Ruqayyah hakushitakiwa kwa lolote. Lakini sheria iliruhusu serikali kuichukua nyumba yenyewe kwa kesi ya madai, mwenye nyumba awe na hatia au asiwe nayo, isipokuwa athibitishe kwamba alifanya kila aliloweza kuzuia uovu ule. Jaji angesikiliza Jumanne. Sasa aliyepaswa kujieleza alikuwa amelala sakafuni, na nyumba ilibakia na Sabiha, msichana wa miaka ishirini na mmoja asiye na baba wala makazi mengine.

"Pole na kazi, dada," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa Minaz Jetha, mpelelezi wa Kitengo cha Mali, amejifunga skafu mpaka puani. Jalada la nyumba ile lilikuwa lake. Minaz alizaliwa Dar es Salaam, Chelagat Kericho, na kazini walikuwa wakisengenya wakubwa kwa Kiswahili bila wasiwasi. "Mimi humu ndani sijawahi kutia mguu. Ule msako wa yule mpangaji wa dawa ulipitia mlango wa nyuma, tena siku hiyo sikuwepo."

Walivaa glavu, wakaingia pamoja. Watu wa gari la wagonjwa walikuwa wamepitia nyuma, kwa hiyo jikoni palikuwa vile vile Sabiha alivyopaacha. Sufuria ya chai ya maziwa juu ya jiko, imefanya utando. Vikombe viwili vimeoshwa, vimeinamishwa kando ya sinki. Chelagat alichungulia sebuleni akaona makochi yamefunikwa vitambaa, safi, hayajakaliwa. Nyumba za watu wa pwani alizijua kidogo: mgeni hukaribishwa sebuleni, na anayenyweshwa chai jikoni huwa ni wa nyumbani.

Alifungua mlango wa besimenti. Giza. Alipapasa ukuta wa kulia, akapapasa wa kushoto, kama afanyavyo mtu yeyote katika nyumba asiyoijua. Hakuna swichi. Minaz alipenyeza mkono nyuma ya mlango wa stoo, na taa ikawaka.

"Nyumba hizi za zamani," alisema Minaz. "Mafundi wake sijui walikuwa wanakunywa nini."

Chelagat alitazama chini, akamwona mama wa watu alivyojikunja, na kwa muda alisahau kila kitu kingine. Alimjua. Kila Jumamosi Bi Ruqayyah alifundisha watoto Kiswahili katika ukumbi wa jamii kule Regent Park, na Chepkoech, binti wa Chelagat, alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwanamke wa Tanga, wa ukoo wa Kihindi, mcheshi, na asiyesamehe kosa la sarufi hata lingetoka kwa kasisi.

"Alianguka gizani, masikini," alisema Minaz.

"Alianguka taa ikiwaka," alisema Chelagat. "Mzee mwenye macho mabovu hashuki ngazi hizi gizani. Aliyekufa hawezi kupanda kuizima. Kuna mtu aliizima."

Nje upepo ulikuwa unatikisa ile karatasi ya mahakama kwenye kioo, ikigonga, ikigonga.

*

Sabiha alikaa ndani ya gari la polisi, amefunikwa blanketi, simu mkononi. Inspekta Shaun, mkubwa wa vitengo vyao vyote viwili, alikuwa kiti cha mbele. Chelagat na Minaz walisimama kwenye mlango uliofunguliwa. Msichana alizungumza Kiingereza, na kila alipofika kwa mama yake alirudi kwenye Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mama alinitumia meseji mchana. Mimi nilikuwa klasi."

"Nionyeshe, mwanangu."

Sabiha aliinua simu. Meseji ilisema: *Wifi anasumbua tena. Nitakupigia baadaye.*

"Inasema nini?" aliuliza Shaun.

"Intaneti inamsumbua tena," alitafsiri Minaz, upesi. "Anasema atapiga baadaye."

"Hii nyumba intaneti yake mbaya kila siku," alisema Sabiha. "Mimi nikamjibu, Mama, zima hiyo boksi, halafu washa. Yeye akaleta hii." Chini ya jibu lake palikuwa na kikatuni cha uso unaocheka mpaka machozi. Hakuna kingine. "Hakupiga. Mimi nilifikiri boksi imekataa."

"Simu yake ilikuwa na bando?"

"Hapana. Alisema bando ni wizi. Alitumia intaneti ya nyumba tu."

Chelagat aliyaweka hayo kichwani. Meseji zilikuwa zimekwenda na kurudi bila shida, papo kwa papo. Kwa intaneti iliyokuwa inasumbua, ilikuwa imejitahidi.

"Nani mwingine anaishi humu?" aliuliza Shaun.

"Cyriaque, chini. Mkongo. Yeye mpangaji mpya, baada ya yule mbaya." Sabiha alifuta pua kwa blanketi. "Yeye mtu mzuri, anti. Mama anampenda."

Cyriaque hakuonekana. Jirani alikuwa amemwona akirudi kutoka kazini, akiona taa za polisi, akigeuza njia na kutimua mbio.

*

Ijumaa asubuhi ripoti ya daktari ilikuwa mezani kwa Shaun. Shingo ilivunjika kwa kuanguka. Lakini mgongoni, chini ya mabega, palikuwa na michubuko miwili mipana, sawa na viganja. Mafundi wa alama za vidole nao walikuta alama moja ya dole gumba kwenye kibao cha swichi, mbichi, bila glavu, isiyo ya marehemu wala ya bintiye.

"Ya Mkongo," alisema Shaun. "Tukimpata, tumemaliza."

"Na nyumba?" aliuliza Chelagat.

Minaz, aliyekuwa amekaa dirishani na kahawa yake, ndiye aliyejibu. "Mpangaji wa kwanza aliuza dawa, wa pili kaua. Jumanne jaji hatahitaji hata nusu saa."

Chelagat alimfikiria Sabiha. Hivyo ndivyo itakavyokuwa. Msichana atamzika mama yake, kisha atapewa siku za kufungasha.

Shaun alikuwa na lake lililomkalia kichwani. Jumatano ijayo alitakiwa kusimama mbele ya kamati ya bunge la mkoa, aeleze polisi wanaonaje marekebisho ya sheria ile. Wanasheria na wenye nyumba walitaka serikali isichukue mali mpaka kwanza mtu ahukumiwe. Mzigo wa kuthibitisha uwe wa serikali. Na kila afisa anayefungua jalada aape kwamba hana uhusiano wowote na mwenye mali.

"Mimi nitawaambia ukweli," alisema Shaun. "Nilimfukuza jambazi mmoja miaka sita. Kila kitu kaandika kwa jina la mama mkwe. Mashahidi wanakufa, wengine wanapotea. Sikumfunga hata siku moja. Sheria hii ndiyo iliyomnyang'anya majumba yake na kumwacha na suti aliyovaa. Mnataka niwaambie waifute?"

"Sijasema uifute, bosi," alisema Chelagat. "Ila mimi ndiye ninayegonga milango mtu akiuawa. Mtaa ambao tumechukua nyumba ya bibi wa watu kwa kosa la mpangaji, nikigonga hakuna anayenifungulia. Wananichungulia kwenye pazia. Nyinyi mnapata nyumba, mimi napoteza mashahidi."

"Maneno ya kanisani," alisema Minaz. "Na hicho kipengele cha kiapo cha uhusiano ni matusi. Yaani sisi tunachukua nyumba za watu kwa chuki?" Sauti ilimpanda kidogo kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, na Shaun alimtazama. Minaz alirudi kwenye kahawa yake.

Jioni hiyo Chelagat aliporudi nyumbani, mumewe Kipchirchir alikuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni.

"Waifai amelala tena," alisema Kipchirchir. "Nimemwamsha mara tatu, amekataa kabisa."

"Mpe chai," alisema Chelagat, na wote wawili wakacheka, kwa sababu nyumba yao iliongea hivyo, ngeli zikigongana bila mtu kuumia. Baada ya kicheko alibaki amesimama na koti lake mkononi. Kuna kitu kilikuwa kimemgusa na kupita, na hakukijua.

*

Cyriaque alipatikana Jumamosi asubuhi kwa binamu yake, kwenye maghorofa ya Jane na Finch. Safari hii hakukimbia. Alikaa kitandani, mikono katikati ya magoti, kijana mrefu wa Bukavu mwenye macho mekundu.

"Kwa nini ulikimbia?" aliuliza Chelagat.

"Niliogopa, mama. Dossier yangu ya ukimbizi haijaisha. Polisi anaonaga mtu kama miye, anasema kazi imeisha palepale."

"Bi Ruqayyah alikutaka uhame?"

"Hapana. Avocat wake alisema anifukuze, juu ya ile kesi. Mama Ruqayyah akakatala. Akasema, wewe umefanya nini? Bakia." Aliuma mdomo. "Sasa nani ataniamini?"

"Alhamisi mchana ulikuwa wapi?"

"Chini, najitayarisha kwenda kazi. Muziki inapiga. Namsikia mama kule juu, sauti yake inashukaka kwa bomba za chauffage, zile za joto."

"Alikuwa anaongea na nani?"

Cyriaque alisita, karibu aone haya. "Na wifi."

"Na nini?"

"Wifi. Connexion ya internet. Alizoea kugombanisha vitu, mama. Frigo, machine ya nguo, vyote anavigombanisha. Nikasikia anasema: wifi, umenichosha. Kisha tena: haya basi, wifi, kaa. Nikacheka pekee yangu. Nikatoka na mlango ya nyuma."

"Sauti ya mtu mwingine hukusikia?"

"Kama mwingine alikuwako, alikuwa anaongea chini-chini. Yake tu ndiyo kubwa."

Chelagat naye nusura atabasamu, akimwazia yule mama anaikemea boksi ya intaneti. Alichukua alama za vidole za kijana. Kabla ya adhuhuri maabara ilimpigia: dole gumba la kwenye swichi halikuwa lake.

Alipompasha Shaun habari kwa simu, mkubwa wake hakubadili mawazo. "Basi alivaa glavu, na hiyo alama ni ya mtu mwingine. Usimwachie. Hatuna mwingine, Chelagat, na Jumanne iko mlangoni."

*

Alikwenda Regent Park kumchukua Chepkoech akiwa na moyo mzito. Darasa lilikuwa limeendelea. Bi Parin, mwanamke wa makamo aliyekulia Dar es Salaam na aliyekuwa akimsaidia marehemu, alisimama mbele ya watoto akijikaza. Kwenye meza ya mbele walikuwa wameweka picha ya mwalimu wao na leso yake.

Mtoto mmoja aliinua mkono. "Bi Parin, kitabu yangu anapotea."

Kabla Bi Parin hajafungua kinywa, darasa zima lilipaza sauti pamoja, kwa mdundo, kama walivyofundishwa kila Jumamosi:

"Chenye roho, a! Kisicho na roho, la!"

Kisha wakakumbuka aliyewafundisha, wakanyamaza. Bi Parin aligeukia ukuta na kufuta macho.

Chelagat aliirudia kichwani ile meseji. *Wifi anasumbua tena.* Kipchirchir angeweza kuandika hivyo. Yeye mwenyewe angeandika hivyo, na Sabiha, na nusu ya Waswahili wa mji huu. Lakini si mwanamke aliyefundisha watoto wimbo ule. Bi Ruqayyah wa Tanga asingelipatia *a* boksi la plastiki hata angekuwa anakata roho.

Na yule Cyriaque. Wakongo, kwa ajili ya Kifaransa chao, huitamka intaneti ya nyumbani *wifi*, herufi kwa herufi. Bi Ruqayyah hakujua Kifaransa. Angesema *waifai*, kama kila mtu. Kijana alisikia neno la Kiswahili akalielewa kwa Kifaransa. Binti alilisoma neno la Kiswahili akalielewa kwa Kiingereza. Ndiyo maana mama alicheka mpaka machozi alipoambiwa azime kisha awashe.

Alimvuta Bi Parin pembeni. "Samahani, dada. Kwetu Kericho shemeji ni shemeji, awe mume awe mke. Kwenu wifi ni nani?"

"Wifi? Ni dada wa mumeo. Au mke wa kaka yako. Mwanamke kwa mwanamke mwenzake."

"Marehemu alikuwa na kaka?"

"Mmoja tu, Anverali, Mungu amrehemu. Nyumba ile alikuwa ameinunua kaka mtu, akamwachia dada yake. Ruqayyah alikuja na Sabiha kumuuguza, mke alikuwa ameshaondoka zamani."

"Jina lake yule mke unalijua?"

"Sikumwona mimi. Harusi ilikuwa Dar, Sabiha mchanga. Ruqayyah mwenyewe hakuwahi kumtaja kwa jina." Bi Parin alitafuta kumbukumbu. "Akimtaja alisema wifi yangu polisi. Kwa fahari, unajua. Wifi yangu ni polisi."

Chelagat alirudi kwa mawazo kule jikoni, Alhamisi. Aliuona mkono wenye glavu ukipenya nyuma ya mlango wa stoo bila kupapasa. Alimsikia mtu mzaliwa wa Dar es Salaam, anayelijua neno lile tangu utotoni, akimtafsiria mkubwa wake: intaneti inamsumbua tena.

*

Jumapili aliomba maabara ilinganishe ile alama na alama za maafisa, ambazo huwekwa wanapoajiriwa. Hakumwambia mtu sababu. Jumatatu baada ya chakula cha mchana, jibu likiwa limeshafika, aliwaomba Shaun na Minaz wakutane naye Parkdale. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mapaa, na jikoni kwa Bi Ruqayyah palikuwa na mwanga wa kijivu usiofika pembeni.

"Bosi, nisaidie," alisema Chelagat. "Washa taa ya besimenti."

Shaun alifungua mlango, akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Alinung'unika. Akajaribu nyuma ya jokofu. "Iko wapi?"

"Mimi nami sikuipata Alhamisi. Minaz ndiye aliyeiwasha, mara moja, bila kutafuta. Muda mfupi kabla alikuwa ameniambia hajawahi kuingia humu."

"Nilibahatisha," alisema Minaz.

"Ulivaa glavu ulipobahatisha. Kwa hiyo dole gumba lako lisilo na glavu liliachwa pale kabla ya hapo. Maabara imelilinganisha asubuhi hii."

Shaun aligeuka taratibu. Minaz alikuwa bado ameshika begi lake, na mtu angedhani anasubiri basi.

"Meseji ya marehemu uliitafsiri vibaya," aliendelea Chelagat. "Nyumbani kwangu kosa lile ni la kawaida. Kwa Bi Ruqayyah halikuwezekana. Hakuandika intaneti. Aliandika mke wa kaka yake."

"Alishaniacha kaka yake," alisema Minaz. Alisema kwa Kiswahili, na Shaun alibaki akiwatazama midomo. "Miaka kumi na moja nilikaa humu. Jikoni hapa nilipaka rangi kwa mikono yangu. Mama yao alipopooza, ni mimi niliyemwogesha, ni mimi niliyemlisha. Anverali aliponitoa, nilitoka na sanduku moja. Baadaye namsikia kafa, nyumba kampa dada yake. Mimi sikutajwa hata kwa salamu."

"Ukaingoja nyumba."

"Sikuingoja. Ilikuja yenyewe." Minaz alicheka kidogo, bila furaha. "Ruqayyah alinipigia simu. Wifi, kuna kijana chini simwelewi, watu wanaingia na kutoka, wewe ni polisi, nisaidie. Nikamwambia niachie mimi. Nikaacha. Yule kijana alipokuja kukamatwa na wengine, nikafungua jalada. Mimi siipati, basi na yeye asiipate. Sheria inaruhusu, dada. Hakuna aliyeniuliza mwenye nyumba ni nani wangu."

"Na Jumanne jaji angemuuliza kama alitoa taarifa kwa polisi."

"Nilikuja kumwomba aseme hakumwambia mtu. Akasema hawezi kuapa uongo, ila jina langu hatalitaja. Atasema alimwambia afisa mmoja, basi. Nikamwambia wataliuliza jina. Akasema tutaona, kunywa chai." Hapo sauti ilianza kumvunjika. "Nilimwambia asiniite wifi. Nilimwambia mimi si wifi yako. Akanijibu, kaka yangu ndiye aliyekuacha, mimi sijakuacha. Akawasha taa, anashuka kunichukulia achari ya ndimu niondoke nayo. Akanipa mgongo."

Chelagat alitamani kumpiga. Alitamani pia kuketi chini alie. Hakufanya mojawapo, alimsomea haki zake, akamvua bastola, na Shaun, aliyekuwa hajaelewa hata neno moja, alielewa yote na kutoa pingu.

"Niambie alichosema," aliomba Shaun baada ya gari kuondoka. Chelagat alimtafsiria, sentensi kwa sentensi, bila kupunguza. Alipofika kwenye achari, Shaun aliinua mkono, akamwomba anyamaze kidogo.

*

Mtu angedhani nyumba nayo ingeachiwa siku ile ile. Wapi. Jumanne kesi iliahirishwa tu. Cyriaque alitoka, Minaz aliingia, lakini nyumba haikuwa na kinywa cha kujitetea wala mtu wa kuiombea dhamana, na karatasi ilibaki mlangoni. Jumatano Shaun alisimama mbele ya kamati. Alisimulia habari ya jambazi na mama mkwe wake, kama alivyopanga. Kisha alikunja miwani, akasema kwamba katika vitengo vyake mwenyewe mtu alitumia sheria hiyo kumalizia ugomvi wa talaka, na hakuna kifungu hata kimoja kilichomzuia. Alisema anataka sheria ibaki, na anataka kile kiapo. Baadhi ya wenzake hawakumsalimia wiki nzima.

Chelagat aliandika maelezo yake kwa mwanasheria wa Sabiha, akaapa mbele ya jaji kwamba mwenye nyumba alitoa taarifa kwa polisi mapema, na akaeleza taarifa hiyo ilizimwa na nani. Ilichukua majira yote ya baridi. Sabiha alikuwa akija kula kwao Jumapili, anakaa jikoni, anamsaidia Chepkoech zoezi la Kiswahili na kukosea pamoja naye.

Siku moja ya Aprili, theluji ikiwa imebaki mabaka tu kando ya barabara, simu ya Chelagat ilitetemeka akiwa kwenye foleni ya kahawa.

*Anti, wametoa karatasi kwa mlango. Nyumba amerudi.*

Kidole chake kilianza kuandika chenyewe: *imerudi*. Ndivyo Bi Ruqayyah angemsahihisha binti yake, na darasa zima lingepokea kwa kelele. Chelagat alilitazama neno lile mpaka muuzaji akamwita mara mbili. Alifikiria nyumba ile iliyoitwa kizimbani bila kinywa, ikashitakiwa, ikashikiliwa, ikangoja.

Akalifuta neno lake. Akaandika: *Mkaribishe nyumbani, mwanangu.*